Pa kuanzia katika historia ya fikra za uchumi: mapitio ya The Worldly Philosophers

Msomaji wa kawaida anayetaka kuelewa uchumi hukuta rafu mbili katika duka la vitabu. Ya kwanza ina vitabu vya kiada vilivyojaa michoro na hesabu, vinavyoeleza jinsi soko linavyofanya kazi bila kusema soko lenyewe lilitoka wapi. Ya pili ina vitabu vya kuhamasisha, vinavyomwahidi utajiri endapo atabadili mtazamo wake wa maisha. The Worldly Philosophers (yaani Wanafalsafa wa Mambo ya Dunia), kitabu cha Mmarekani Robert Heilbroner juu ya maisha na fikra za wachumi wakuu, hakikai katika rafu yoyote kati ya hizo. Kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1953, na toleo la saba, ambalo ndilo ninalolipitia hapa, lilitoka mwaka 1999, miaka sita kabla mwandishi hajafariki dunia. Katika muda huo wote kimeuzwa mamilioni ya nakala, na wako wanafunzi wengi ambao pengine wasingelisogelea somo la uchumi kama hawakupitia mlango huu. Hukumu yangu naitoa mapema: kitabu hiki kinastahili fedha yake, na kwetu sisi Afrika Mashariki kinastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko huko kilikoandikwa, mradi msomaji ajue pia ni watu gani na nchi zipi zilizoachwa nje yake.

Heilbroner anaanza na swali ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka. Kila jamii, tangu watu walipoanza kuishi pamoja, imelazimika kuhakikisha kwamba kazi za lazima zinafanyika na kwamba mazao yake yanawafikia watu kiasi cha kuwawezesha kuishi hadi msimu unaofuata. Kwa maoni yake, wanadamu wamepata njia tatu tu za kulitatua jambo hilo. Njia ya kwanza ni mila, ambapo mtoto hurithi kazi ya mzazi na kila mtu anajua fungu lake. Ya pili ni amri ya mwenye mamlaka, kama ile iliyojenga mapiramidi ya Misri. Na ya tatu ni soko, ambapo kila mtu anaachwa afuate masilahi yake, na bado, kwa namna isiyotarajiwa, mkate unafika mezani. Njia mbili za kwanza hazikuhitaji mchumi wa kuzieleza, kwa kuwa kila mtu aliona jinsi zilivyofanya kazi. Ya tatu ilihitaji maelezo, na hapo ndipo aina hii ya wanafalsafa ilipozaliwa.

Hoja hii ni nyepesi kuisema, lakini sijakutana na nyingine inayomsaidia zaidi Mtanzania wa makamo kuyapanga mambo aliyoyaona kwa macho yake. Mtu aliyezaliwa kijijini katika miaka ya 1940 alianza maisha katika kilimo cha ukoo, ambapo mashamba, mifugo na zamu za kazi viliongozwa na desturi. Akiwa kijana alisikia Azimio la Arusha likitangazwa mwezi Februari 1967 na benki zikitaifishwa siku hizohizo, kisha akaiona miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja na bei za mazao zikapangwa na serikali. Alipokaribia uzee, baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, aliona soko likirejeshwa hatua kwa hatua. Mila, amri na soko, ambavyo kwa Ulaya vilichukua karne nyingi kupishana, kwake vimepita katika umri mmoja, na mara nyingi havikupishana kabisa bali viliishi pamoja katika nyumba moja. Hili la mwisho Heilbroner analigusa tu. Anasimulia kana kwamba soko likishaingia, mila huondoka. Msomaji wa huku anajua kwamba mwenye duka la rejareja anaweza kuuza kwa bei ya soko asubuhi na jioni akamkopesha shemeji yake bila kumpangia siku ya kulipa.

Sura ya pili, inayohusu kuzaliwa kwa soko, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Badala ya kutoa maelezo makavu, mwandishi anamtembeza msomaji mahali mbalimbali, na kituo kimojawapo ni Boston mwaka 1639. Mfanyabiashara Robert Keayne, mtu anayeheshimika na muumini wa kanisa, ameshtakiwa kwa kupata faida ya zaidi ya peni sita kwa kila shilingi, yaani zaidi ya nusu ya fedha aliyotoa. Mahakama inajadili kama afukuzwe kanisani, kisha, kwa kuwa hapo nyuma hakuwa na doa, inamwachia kwa faini ya pauni 200. Keayne anasimama mbele ya wazee wa kanisa na, huku akitokwa na machozi, anakiri tamaa yake. Jumapili inayofuata mchungaji anaitumia kesi hiyo kuorodhesha kanuni potofu za biashara, na ya kwanza kati yake ni kwamba mtu anaweza kuuza ghali kadiri awezavyo na kununua rahisi kadiri awezavyo. Nyingine ni kwamba aliyepoteza bidhaa zake baharini anaruhusiwa kupandisha bei ya zile zilizobaki.

Nilikaa na kurasa hizo kwa muda mrefu, kwa sababu kanuni ambazo mchungaji yule aliziita potofu leo hufundishwa darasani kuwa ndiyo tabia ya kawaida ya mfanyabiashara, na hata hivyo katika miji yetu ya pwani hoja ya mchungaji bado ni hai. Kila mwaka Ramadhani inapokaribia, viongozi wa dini na wa serikali huwasihi wafanyabiashara wasipandishe bei ya sukari, tende, mchele na tambi, na wapandishao husemwa vibaya misikitini na mitaani kwa maneno ambayo Keayne angeyatambua mara moja. Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta kesi inayofanana na yake. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Tanzania ilitunga sheria maalumu dhidi ya wahujumu uchumi, na watu walioficha sabuni, sukari na vitenge majumbani walikamatwa na kufikishwa mbele ya mabaraza. Wapo wanaoikumbuka operesheni ile kama haki iliyotendeka, na wapo wanaosema kwamba walanguzi walikuwa matokeo ya uhaba wala si chanzo chake. Ubishi huo ni wa kifalsafa kabla haujawa wa kiuchumi, kwa maana unauliza kama bei inaweza kuwa dhambi, na kitabu hiki kinampa msomaji historia ya swali hilo bila kumlazimisha achague upande.

Adam Smith anapewa sura nzima, na anastahili. Heilbroner anamchora kama profesa msahaulifu wa Uskoti, aliyezaliwa Kirkcaldy mwaka 1723, ambaye siku moja alitoka nje akiwa na vazi la kulalia na kutembea maili 15 kabla mawazo hayajamtoka. Visa hivyo vinapendeza, lakini thamani ya sura iko katika kumrudisha Smith kwa mwenyewe. Watu wengi wamelisikia jina lake likitumika kutetea soko lisiloguswa na serikali, na wamesikia juu ya mkono usioonekana (soko linalogeuza masilahi ya kila mmoja kuwa faida ya wote), maneno ambayo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776 yanatokea mara moja tu. Hapa anaonekana mtu mwingine: mwalimu wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye kabla ya kuandika juu ya utajiri wa mataifa aliandika, mwaka 1759, juu ya hisia za kimaadili, akiuliza mtu mwenye kujipenda anawezaje kutoa hukumu ya haki. Anaonekana mtu aliyewashuku wafanyabiashara, akionya kwamba wa fani moja ni nadra kukutana bila mazungumzo yao kuishia katika njama ya kupandisha bei. Na baada ya kusifu kiwanda cha pini, ambamo watu kumi waliogawana kazi waliweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku, mtu huyohuyo anaonya kwamba mfanyakazi anayerudia tendo moja maisha yake yote atadumaa akili, na kwamba ni wajibu wa dola kumsomesha.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna uzi mmoja hapa ambao Heilbroner hakuwa na sababu ya kuufuata. Julius Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, katika mji ambako Smith aliishi miaka yake ya mwisho na kuzikwa, na miongoni mwa masomo yake yalikuwamo uchumi wa siasa na falsafa ya maadili, yaani masomo mawili ambayo Smith hakuyatenganisha. Ukimsoma Smith wa kitabu hiki, kisha ukarudi katika hotuba na maandishi ya Mwalimu, utaona kwamba wawili hawa wanapingana juu ya jibu lakini wanakubaliana juu ya swali: utaratibu wa uchumi hupimwa kwa kile unachowafanyia watu wengi wa chini, wala haupimwi kwa wingi wa dhahabu iliyo katika hazina ya mfalme.

Sura ya Thomas Malthus na David Ricardo inasomeka vizuri kwa sababu wawili hao walikuwa marafiki walioandikiana barua na kubishana karibu juu ya kila jambo. Malthus, mchungaji aliyechapisha insha yake juu ya idadi ya watu mwaka 1798, aliogopa kwamba midomo ingeongezeka kuliko chakula. Ricardo, dalali wa hisa aliyejitajirisha akiwa bado kijana, aliogopa kitu kingine: kwamba kadiri watu wanavyoongezeka na mashamba mabaya zaidi yanavyolimwa, mwenye ardhi nzuri atazidi kuvuna bila kutoa jasho, ilhali mfanyakazi akibaki na ujira wa kumtosha kuishi tu na mwenye kiwanda akiona faida yake ikimegwa. Nadharia hiyo ya pango la ardhi imeelezwa hapa kwa uwazi ambao sijauona kwingine. Mwandishi anaionyesha ndani ya vita halisi vya Bungeni juu ya Sheria za Nafaka, zilizozuia ngano ya nje isiingie Uingereza kwa bei nafuu na ambazo hazikufutwa hadi mwaka 1846, miaka mingi baada ya Ricardo kufariki.

Baadaye kidogo anakuja Henry George, Mmarekani aliyeandika mwaka 1879 kwamba kodi moja juu ya thamani ya ardhi ingetosha kuendesha serikali na kuondoa umaskini. Anapewa nafasi ndogo, na Heilbroner anamhesabu miongoni mwa wale ambao wachumi wa vyuoni hawakutaka kuwasikiliza. Ningependa msomaji wetu asimame hapo. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi ya Tanganyika imilikiwe na watu binafsi moja kwa moja, Nyerere aliandika makala yenye jina la Mali ya Taifa, akisema kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, na kwamba mtu anaweza kudai kilicho chake kwa jasho alilolimwaga juu yake lakini hawezi kuidai ardhi yenyewe. Mpaka leo sheria ya Tanzania inaihesabu ardhi yote kuwa mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ninapowasikia watu wakijadili bei ya viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam, ambavyo hupanda mara barabara ya lami inapofika bila mwenye kiwanja kuinua hata jembe, naona kwamba Ricardo na George wangekuwa na mengi ya kusema, na naona pia kwamba umiliki wa umma ulioandikwa katika sheria haukuzuia pango hilo kuingia mifukoni mwa wachache.

Sura ya wanajamaa waliotamani jamii kamilifu, akina Robert Owen, Saint-Simon na Charles Fourier, nimeiona nyepesi kuliko uzito wa mada. Mwandishi anafurahia vituko vyao, na Fourier hasa anakuwa kichekesho. Owen pekee ndiye anayetendewa haki, kwa habari ya kiwanda chake cha nguo huko New Lanark, alikowaondoa watoto wadogo mashineni na kuwajengea shule, na kwa habari ya kijiji chake cha ushirika huko Indiana, kilichovunjika baada ya muda mfupi. Taifa ambalo limewahi kujaribu vijiji vya pamoja lingetaka kujua kwa undani kwa nini vijiji vya hiari vya Owen vilishindwa, na swali hilo linabaki bila jibu la kutosha.

Kwa Karl Marx mwandishi anarudi katika ubora wake. Anaeleza maisha ya dhiki ya London, watoto waliofariki, na rafiki mwaminifu Friedrich Engels aliyekuwa akituma fedha kutoka Manchester. Halafu anaweka maisha hayo pembeni na kuifungua nadharia yenyewe: thamani ya ziada (ile ambayo mfanyakazi huizalisha kupita ujira anaolipwa), mashine zinazochukua nafasi ya wafanyakazi, faida inayoshuka, na misukosuko inayojirudia. Anatofautisha Marx mchambuzi wa ubepari na Marx mtabiri wa mwisho wake, akimheshimu sana wa kwanza na kumhoji wa pili. Msomaji aliyefundishwa siasa zamani kwa kukariri vifungu atapata hapa nafasi ya kumsoma Marx kama mtu anayefikiri.

Sehemu iliyonigusa zaidi, na ambayo pia imeniacha na malalamiko makubwa kuliko zote, ni ile ya John Hobson. Mwingereza huyu, mtu mpole na mwenye haya, alizuiwa kufundisha katika mihadhara ya chuo kikuu kwa sababu alithubutu kusema kwamba kuweka akiba kupita kiasi kunaweza kuleta ukosefu wa ajira. Mwaka 1899 gazeti la Manchester Guardian lilimtuma Afrika Kusini, na mwaka 1902 akachapisha kitabu juu ya ubeberu. Hoja yake ni kwamba mapato yasipogawanywa vizuri, maskini hawana uwezo wa kununua na matajiri hawawezi kutumia vyote walivyo navyo. Akiba inayobaki hutafuta pa kwenda, na taifa linasukumwa kutafuta makoloni ambako fedha hiyo itawekezwa, gharama za jeshi na utawala zikilipwa na umma huku faida ikienda kwa wachache.

Heilbroner anaitumia hoja hii kuonyesha jinsi Lenin alivyoichukua na kuigeuza, kisha anaijadili kwa kuitazama kutoka Ulaya na Marekani. Huku kwetu tunaweza kuipima kwa kumbukumbu tulizo nazo. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati mwaka 1888, ikaingia bara kutoka Mombasa ikiwa na mtaji mdogo na matumaini makubwa, na kufikia mwaka 1895 ilikuwa imeshindwa, serikali ya Uingereza ikachukua eneo lake. Mwaka uliofuata ilianza kujengwa reli kwa fedha za walipa kodi wa Uingereza, nayo ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Kwa hiyo, kama Hobson alidhani mtaji wa ziada ulikuwa ukimiminika Afrika, historia ya pwani yetu inampinga, maana fedha nyingi za Uingereza zilikwenda Marekani, Kanada na Argentina. Lakini aliposema kwamba umma hulipa gharama ili watu wachache wafanikiwe, reli ile inasimama kama ushahidi wake. Na kuna jambo ambalo yeye na Heilbroner hawalipi uzito: soko la kazi katika makoloni halikujileta lenyewe. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kodi ya nyumba iliwekwa kabla ya karne kuisha, na kusudi lake mojawapo lilikuwa kumlazimisha mtu aliyejitosheleza kwa shamba lake atafute kazi ya ujira. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yakafuata, na mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikalipuka kusini. Hapa amri iliunda soko kwa viboko, na msomaji akirudi kwenye zile njia tatu za sura ya pili atagundua kwamba katika historia yetu mpaka kati ya ya pili na ya tatu hauonekani wazi hata kidogo.

Thorstein Veblen, mtoto wa wakulima wa Kinorwe waliohamia Wisconsin, analeta pumzi mpya kwa kuuliza kwa nini watu hununua vitu ili waonekane. Atakayesoma kurasa zile hatakosa kukumbuka kamati za harusi, kadi za michango na misururu ya magari ya kukodi. Joseph Schumpeter naye anaelezwa vizuri, hasa wazo lake kwamba ubepari huishi kwa kubomoa kile ulichokijenga jana. Lakini mhusika mkuu wa nusu ya pili ni John Maynard Keynes, aliyezaliwa mwaka 1883, mwaka uleule Marx alipofariki. Mwandishi alikuwa kijana wakati wa mdororo mkuu wa miaka ya 1930, na inaonekana wazi kwamba anaandika juu ya jambo aliloliishi. Anaeleza kwa subira kwa nini uchumi unaweza kukwama huku watu wengi wakiwa hawana kazi, wala usiwe na nguvu ndani yake ya kujiinua, na kwa nini serikali inapaswa kutumia fedha pale wawekezaji wanapoogopa.

Keynes huyohuyo alikuwa mmoja wa waasisi wakuu wa mkutano wa Bretton Woods wa mwaka 1944 uliozaa Shirika la Fedha la Kimataifa, chombo ambacho kwa wananchi wetu wengi kilikuja kujulikana kwa masharti ya kupunguza matumizi ya serikali, kushusha thamani ya shilingi na kufuta ruzuku. Nyerere, akizungumza na mabalozi katika salamu za mwaka mpya wa 1980, aliuliza ni lini shirika hilo liligeuka kuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Ni njia ndefu kutoka kwa mchumi aliyetetea matumizi ya serikali wakati wa dhiki hadi kwenye masharti ya miaka ya 1980, na kitabu hakiifuati njia hiyo. Toleo la mwaka 1999 lilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Nafika sasa kwenye upungufu ninaouona kuwa mkubwa zaidi. Wanafikra wote waliopewa sura hapa ni wanaume wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Joan Robinson, mchumi mwanamke aliyefanya kazi bega kwa bega na Keynes huko Cambridge, hana sura. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika kitabu chake kiitwacho Utangulizi (Muqaddimah) cha mwaka 1377 kwamba dola changa hutoza kodi ndogo na kuvuna mapato makubwa, ilhali dola iliyozeeka hutoza kodi kubwa na kuambulia kidogo. Alieleza pia kwamba mtu mmoja hawezi kujipatia hata ngano yake bila mhunzi, seremala na mkulima kushirikiana, karne nne kabla ya kiwanda cha pini cha Smith. Kwa madai ya Heilbroner kwamba uchumi kama fikra usingeweza kuzaliwa kabla ya soko la Ulaya, mtu huyu ni pingamizi lililopaswa kujibiwa. Vivyo hivyo, biashara ya watumwa iliyokuza miji ya bandari ya Uingereza katika uhai wa Smith haikupewa uzito unaolingana na nafasi yake katika utajiri uliokuwa ukielezwa. Mijadala iliyowaka katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, akina Walter Rodney na Issa Shivji wakiuliza kwa nini nchi zetu zilikuwa maskini, inafaa kusomwa sambamba na kitabu hiki ili kuziba pengo hilo.

Sura ya mwisho, iliyoandikwa upya kwa ajili ya toleo la saba, ndiyo ya kifalsafa zaidi, na kwangu ndiyo inayomfanya msomaji aliyewahi kuwa na toleo la zamani afikirie kununua jipya. Akianzia kwa Schumpeter, Heilbroner anasema kwamba nyuma ya kila uchambuzi wa kiuchumi kuna maono, yaani picha ya jamii ambayo mchambuzi anayo kabla hajaanza kuhesabu, inayojengwa na matumaini, hofu na maadili yake. Anasikitika kwamba uchumi wa siku zake umejivika sura ya sayansi ya maumbile na kuyaficha maono hayo, ilhali binadamu, tofauti na chembe za mwanafizikia, huchagua na hubadili nia. Nimesoma ripoti nyingi za bajeti na mipango ya maendeleo ambamo takwimu zimepangwa kwa ustadi huku swali la aina ya jamii inayokusudiwa likiwa halikuulizwa popote, na sura hii imenipa lugha ya kulidai swali hilo liulizwe.

Kwa upande wa matumizi, Kiingereza chake ni kizuri lakini kina misamiati ya kizamani na mizaha ya wasomi, kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha sita atahitaji kamusi katika sura za kwanza, kisha atazoea. Milinganyo ya hisabati haitamsumbua. Mwishoni kuna mwongozo wa vitabu vya kusoma zaidi, ulioandikwa kwa maelezo badala ya orodha kavu, nao pekee una faida kwa mwalimu anayetayarisha somo. Nakala ya jalada laini ya toleo la saba ndiyo ninayoipendekeza, ingawa anayepata toleo la miaka ya nyuma kwa wauza vitabu vilivyotumika hatakuwa amepoteza mengi isipokuwa ile sura ya mwisho. Sikishauri kwa mtu anayejiandaa na mtihani wa uchumi wa hesabu, kwa sababu hakitamfundisha kukokotoa chochote. Nakishauri kwa walimu wa historia na uraia, kwa waandishi wa habari za biashara, kwa madiwani na wabunge wanaopitisha bajeti, na kwa vikundi vya usomaji ambavyo vinaweza kuchukua sura moja kila mwezi; kikundi kitakachofanya hivyo kianze na sura ya pili, kiruke hadi kwa Hobson, kisha ndipo kirudi kwa Smith.